MREJESHO: Pete yenye jiwe linalocheza

Asanteni kwa majibu. Niliuliza kama jiwe linalocheza kwenye pete ya dhahabu ya karati 18 linaweza kubanwa nyumbani kwa plaizi. Sonara ameikagua na jibu ni hapana. Kucha mbili kati ya nne zinazoshika jiwe zimelika kwenye ncha. Ukizibana, ama zinakatika ama zinalibana jiwe ukingoni hadi linapasuka. Dawa yake ni kuongezea dhahabu ya karati ileile kwenye ncha, kisha kuzichonga upya.

Kwa mwenye shaka kama hiyo: weka pete karibu na sikio uigonge taratibu kwa kidole. Ukisikia mchakacho, jiwe limelegea. Ipitishe kwenye kitambaa chepesi. Ikinasa uzi, kuna kucha iliyoinuka. Hapo vua pete siku hiyohiyo. Tazama pia upande wa kiganjani, unaolika upesi: unene wake ukibaki chini ya milimita 1, sehemu hiyo ibadilishwe. Kung'arisha hakusaidii, kunazidi kuipunguza.

Gundi msiiguse kabisa, huficha ufa na kumpa fundi kazi ya kuisafisha kwanza. Lehemu ya risasi ni mbaya zaidi, kwa sababu pete ikipashwa moto baadaye, risasi hupenya kwenye dhahabu na kuifanya ikatike ovyo. Na kama jiwe ni lulu, opali au zumaridi, mwambieni sonara mapema. Hayavumilii moto.