Namba za Kimalagasi na za Rapa Nui: ni ndugu au zimegongana tu?

Kipupwe:

Wakuu, habari za saa hizi. Nimepanga namba za Kimalagasi sambamba na za lugha ya Rapa Nui, kile kisiwa cha Chile ambacho vitabu vingine hukiita Kisiwa cha Pasaka. Tazameni:

2: roa – rua
3: telo – toru
4: efatra – hā
5: dimy – rima
6: enina – ono
7: fito – hitu
8: valo – vaʼu
9: sivy – iva

Moja nimeiacha kwa kuwa iray na tahi hazioneani hata kwa mbali. Madagaska iko mlangoni kwetu, Rapa Nui iko upande wa pili wa dunia, kilomita zipatazo 3,500 kutoka pwani ya Chile. Nauliza mambo matatu. Huu ni udugu wa kweli au ni sadfa? La pili, Wamalagasi humwita ng'ombe omby na kuku akoho. Mbona lugha yao haihesabiwi kuwa ya Kibantu? La tatu, nilipofika kwenye viungo vya mwili nikakuta jicho kwa Rapa Nui ni mata, na Mombasa tunasikia "mato". Niliingize na hilo?

Sina Haraka:

Nianze na la mwisho, maana ndilo litakalokuharibia orodha yote. Mato toa. Hiyo ma- ni kiambishi cha wingi tu. Umoja wake Mombasa ni jito, kama Unguja wasemavyo jicho na macho. Na t ya Kimvita inalingana na ch ya Kiunguja mahali pengi: kucheka ni kuteka, nchi ni nti, mchele ni mtele. Ukiivua ma- unabaki na -to. Kwenye mata ya Rapa Nui ile m haivuliki, ni sehemu ya mzizi. Maneno hayo mawili yamekutana njiani tu, hayana nasaba.

Sasa udugu. Usitafute maneno yanayofanana, tafuta sauti inayogeuka kwa mpango uleule neno baada ya neno, hata kama sikio halioni mfanano. Lugha zote mbili ulizoweka ni za jamii ya Kiaustronesia, yenye lugha zaidi ya 1,200, kwa hiyo utahitaji safu ya tatu katikati. Tumia Kimalei, na pale Kimalei kinapokosa neno tumia Kijava au Kitagalogi (cha Ufilipino).

Chukua l ya Kimalei ikiwa mbele ya i:

lima (tano) → dimy
kulit (ngozi) → hoditra
tali (kamba) → tady
beli (kununua) → vidy (bei)

Kimalagasi kimeigeuza kuwa d, mara nne kwa nne. Halafu angalia l ikiwa mbele ya u au o: telu ya Kijava ni telo, walo ya Kitagalogi ni valo, puluh ya Kimalei (kumi) ni folo. Hapo l imebaki l. Sadfa haiwezi kujua ni irabu gani inayofuata.

Upande wa Rapa Nui fuata p. Ukiweka na Kitonga (cha visiwa vya Tonga, Pasifiki) pembeni unaona ngazi yenyewe:

saba: pitu (Kijava) – fito (Kimalagasi) – fitu (Kitonga) – hitu (Rapa Nui)
moto: api (Kimalei) – afo – afi – ahi
kasa: penyu (Kimalei) – fano – fonu – honu

Na ile e hafifu ya Kijava na Kimalei imekuwa o huko Polinesia (visiwa vya Pasifiki, Tonga hadi Rapa Nui): telu ni toru, enem ni ono, penyu ni honu. Konsonanti ya mwisho nayo imeanguka. Kimalagasi hakiidondoshi ovyo, aghalabu huiongezea irabu ili neno lisiishie kwenye konsonanti: langit (mbingu) ni lanitra, wakati Rapa Nui ni rangi. Ndiyo maana enem imezaa enina kule na ono huku. Ukiziweka hizo mbili peke yake utaapa hazijuani.

Vitu viwili vya kurekebisha kwenye jedwali lako. Kwanza, moja usiitupe: Kimalagasi kina isa pia, ndiyo inayotumika kuhesabu mfululizo (isa, roa, telo), na Kitagalogi kina isa hiyohiyo. Pili, vaʼu hailingani na toru na rima, ambamo r imebaki. Kimaori (cha Nyuzilandi) wana waru kama inavyotarajiwa. Kitahiti nacho kina vaʼu. Neno kama hilo liweke kando, usilijengee kanuni.

Tahadhari ya Kimalei: tiga, tujuh, delapan na sembilan (3, 7, 8, 9) ni maneno yaliyoingia baadaye mahali pa yale ya kale. Anayelinganisha Kimalagasi na Kimalei peke yake hupata namba chache zinazolingana na kukata tamaa bure.

Mwana wa Kenda:

Nijibu la omby. Ndugu Kipupwe, hesabu yetu wenyewe inakujibu. Sita, saba na tisa tumezitoa Kiarabu. Je, Kiswahili ni lugha ya Kisemiti? Ya kwetu tulikuwa nayo na masalia yake yapo: kenda ni tisa, ndiyo iliyomo ndani ya jina Mijikenda, na fungate ya maharusi ni siku saba. Neno la mkopo linaweza kumfukuza mwenyeji hata kwenye namba. Kwa hiyo lugha haitambuliwi kwa neno moja moja, inatambuliwa kwa kinachobaki ukiondoa mikopo.

Sasa pekua mikopo ya Kibantu ndani ya Kimalagasi uone imekaa wapi: omby (ng'ombe), ondry (kondoo), osy (mbuzi), akoho (kuku), akanga (kanga, yule ndege mwenye madoa), ampondra (punda). Zizi zima! Wageni kutoka Asia walikuta mifugo mikononi mwa watu wa Afrika wakachukua mnyama pamoja na jina lake. Tabaka la Kiarabu nalo limekaa mahali pake, kwenye siku za juma: talata, alakamisy, zoma. Alakamisy na Alhamisi yetu zinafanana kwa kuwa sote tumekopa duka moja.

Sarufi ndiyo haikopeki kirahisi. Kimalagasi hakina ngeli. Na sentensi huanza na kitenzi, mtendaji huja mwisho: *mihinana vary ny zaza*, neno kwa neno "anakula wali mtoto". Rapa Nui pia huanza na kitenzi.

Ndugu wa karibu wa Kimalagasi anajulikana. Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha mwaka 1951 kwamba ni Kimaanyan, lugha ya bonde la mto Barito, kusini mashariki mwa Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Jambo linalokera kidogo ni kwamba Wamaanyan wa leo ni watu wa bara, si mabaharia. Wengi husema waliokuja huku walikuja ndani ya vyombo vya Wamalei, na maneno ya bahari ya Kimalagasi yanaelekea huko. Ila tusiseme "Wamalagasi ni Waasia" tukaishia hapo: watu wenyewe ni damu ya Asia ya Kusini Mashariki na damu ya Afrika pamoja, lugha tu ndiyo iliyobaki ya upande mmoja.

Demani:

Naongeza upepo, kwa sababu hapo ndipo njia yao inapoonekana.

Kimalei: barat ni magharibi, timur ni mashariki. Kimalagasi: avaratra ni kaskazini, atsimo ni kusini. Sauti zinafuata kanuni sawasawa (b huwa v kama batu, jiwe, kuwa vato, t mbele ya i huwa ts), lakini dira imezunguka robo duara. Wamepotea? Hapana. Baharia hakubeba mwelekeo, alibeba jina la pepo. Kwenye bahari ya Java, barat ndio upepo unaoleta mvua. Kaskazini magharibi mwa Madagaska mvua huja na upepo wa kutoka kaskazini. Hali ya hewa ikabaki na jina lake, upande ukabadilika. Sisi tunalielewa hili bila mwalimu: kaskazini yetu ni upande inakotoka kaskazi, kusini ni upande inakotoka kusi. Pasifiki nako ni vilevile, majina ya nchi mbili yametokana na maneno hayo: Tonga ni kusini, Tokelau ni kaskazini na upepo wake.

Kuhusu safari: Kipupwe, usiwaze chombo kimoja kilichogawa abiria. Asili ya jamii hii ni Taiwan, wakashuka Ufilipino miaka 4,000 hivi iliyopita au zaidi. Waliokwenda mashariki walikuwa wameshafika Tonga na Samoa miaka kama 2,800 iliyopita. Hapo wakatua muda mrefu sana, zaidi ya miaka 1,500, ndipo wakaruka tena: Rapa Nui hupewa karibu mwaka 1200, Nyuzilandi kidogo baada ya hapo. Waliokuja magharibi waliondoka Kalimantan katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Ushahidi wa lugha ni mzuri: Kimalagasi kina maneno machache ya Kisanskriti, na maandishi ya kale ya Kisanskriti huko Kutai, Kalimantan, ni ya karibu mwaka 400. Lugha za Polinesia hazina tabaka hilo, wenyewe walishatoka zamani kabla Uhindi haujapiga hodi. Kutoka Antananarivo kuelekea mashariki hadi Rapa Nui ni nyuzi 203 za longitudo, zaidi ya nusu ya dunia.

Kuna anayetaka kuuliza ngalawa, najua. Chombo chenye ubao wa pembeni wa kukizuia kisipinduke ni alama ya watu hawa popote walipo, na ngalawa yetu huhusishwa nao. Lakini angalieni: ngalawa ina mbao mbili, kila ubavu mmoja, mtumbwi wa Wavezo, Madagaska, una mmoja, wa Polinesia una mmoja pia, unaitwa ama, au ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Jina "ngalawa" peke yake halithibitishi kitu.

Kipupwe:

Nimefaidika sana. Nimeongeza safu ya Kitahiti, imenivuruga: 2 ni piti, 4 ni maha, 5 ni pae. Toru, ono na hitu zipo salama. Tahiti si iko katikati ya Polinesia? Inakuwaje Madagaska ya mbali ilingane kuliko yeye?

Sina Haraka:

Huo mtego huwanasa wengi. Tahiti kulikuwa na desturi iitwayo pī: silabi zilizomo kwenye jina la mtawala zilikuwa mwiko, na neno la kila siku lenye silabi hizo lilibadilishwa. Ukoo wa Pōmare uliposhika utawala, pō (usiku) ikaachwa, ikaja ruʼi. Rua na rima ziling'olewa kwa njia hiyo. Ni agizo la watu, halina uhusiano na mabadiliko ya sauti, ndiyo maana limechuna namba mbili tatu na kuziacha jirani zake. Kumbuka pia Warapanui wengi walihamia Tahiti mwaka 1871, na Kitahiti kimeingia sana kisiwani kwao. Utakutana na piti na pae hata Rapa Nui. Ukikusanya namba huko, uliza zote mbili na uandike kila moja kwenye safu yake.

Wala usidhani Kitahiti kimejitenga. Tupaia, mtu wa Raʼiatea (kisiwa jirani na Tahiti) aliyesafiri na nahodha Mwingereza James Cook, aliongea na Wamaori mwaka 1769 wakaelewana, na hapo katikati kuna bahari ya kilomita 4,000 hivi.

Kwa orodha yako: anza na jicho, moto, mbingu, jiwe, kamba, kasa, mwezi, kufa, na namba 1 hadi 10. Mata ya Kimalei na mata ya Rapa Nui zinalingana, weka. Maso ya Kimalagasi iandike lakini iwekee alama, kwa sababu t ilitakiwa ibaki kama ilivyobaki kwenye tahotra (hofu, Kimalei takut). Samaki usitegemee: Kimalei ikan na Rapa Nui ika ni ndugu, ila Wamalagasi wameliacha, wao husema trondro. Wanyama wa kufugwa ruka kabisa. Na katika lugha za Polinesia tangulia na Kitonga au Kimaori, Kihawaii kije mwisho. Kina konsonanti 8 tu: t ya wengine kwake ni k, na k ya wengine imekuwa kipasuo cha kooni (kile kiandikwacho ʻ), hivyo toru inakuwa kolu, na vaka, mtumbwi, inakuwa waʻa.