Gemu ya bunduki kwa mtoto wa Gredi ya 8: kibanda kifungwe ama kiachwe?

Mama Wawili (Manyatta, Kisumu): Wenzangu, naomba maoni bila matusi. Nyuma ya kinu cha posho hapa kwetu kuna kibanda cha waifai, shilingi kumi kwa saa. Watoto wanajaa humo na simu za wazazi wao wakicheza Call of Duty, ile ya simu. Wangu ana miaka 13. Siku hizi nikimtuma dukani anatembea mgongo ukutani, akifika kona anachungulia kwanza. Jumapili wazazi kadhaa tulienda kwa mzee wa mtaa tukamwomba kibanda kisifunguliwe kabla ya saa kumi jioni siku za shule. Akasema tulete maoni. Mnaonaje?

Kidole Moto: Mama, mimi nacheza COD tangu itoke Oktoba 2019, niko Legendary, ngazi ya juu kabisa, na kuku wa Krismasi bado naita jirani anichinjie. Shida yenu wazazi ni kuona kijana ametulia. Akiwa barabarani mnalia, akiwa ndani mnalia.

Mwalimu wa Bungoma: Hiyo gemu huko Marekani imeandikwa ni ya miaka 17 na zaidi, huyo ana 13. Lakini mimi risasi hazinisumbui sana, pesa ndiyo inanisumbua. Kupakua ni bure. Ile bunduki yenye mapambo ndiyo unaitafuta kwa kubahatisha: unalipa, inazunguka, unapata kitu cha ovyo. Unalipa tena, na bei imepanda. Ubelgiji mwaka 2018 walisema masanduku ya gemu unayolipia bila kujua kilichomo ni kamari. Sisi tunapigia kelele kampuni za kubeti, na mtoto anafunzwa kubeti kwa simu ya mamake.

Kidole Moto: Mwalimu, zinaitwa skini. Mapambo ni ya harusi.

Mzee wa Saiba (Free Area, Nakuru): Nyinyi mnacheza vitu vya kitoto. Enzi zetu kulikuwa na America's Army. Ilitoka tarehe 4 Julai 2002, jeshi la Marekani lenyewe ndilo lililoitengeneza na kuigawa bure ili vijana wapende kujiunga. Nilikuwa na saiba ya kompyuta hapa Nakuru, shilingi moja kwa dakika. Mle ndani ukimpiga risasi mwenzako unajikuta kwenye seli ya Fort Leavenworth, jela ya jeshi lao, umekaa unatazama ukuta. Na ukitaka kuwa mtabibu wa kikosi, unaingia darasani kwanza: njia ya hewa, damu, mshtuko, halafu mtihani. Ukianguka, hupati. Kuna Mmarekani mwaka 2007 alikuta gari limepinduka kule North Carolina, akamtoa dereva aliyekatika vidole, akamfunga taulo na kumwambia ainue mkono juu. Alijifunza kwa hiyo gemu. Vijana waliopita lile darasa pale kwangu walijua huduma ya kwanza kuliko nusu ya manesi wetu.

Sista wa Lurambi: Mzee, shikamoo. Hiyo sentensi ya mwisho hebu irudie polepole.

Mzee wa Saiba: Marahaba, sista. Nimesema nusu. Wewe bila shaka uko kwa ile nusu nyingine.

Sista wa Lurambi: Usinipakie mafuta. Usiku wa kuamkia Jumanne nilikuwa na wodi nzima peke yangu. Glavu ziliisha saa nane. Kuna mama alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua, mkono mmoja nakanda tumbo, mwingine natafuta mshipa, na mumewe yuko dirishani ananiuliza kama chai imechelewa. Huyo kijana wako wa saiba angebonyeza wapi?

Pingi 200: Hiyo America's Army si ndiyo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Call of Duty?

Mzee wa Saiba: Hapana. Ile ya jeshi walizima seva zake Mei 2022. Call of Duty ni ya Activision, na hiyo ya simu ilitengenezwa na Wachina wa TiMi, walio chini ya Tencent.

Pingi 200: Kwa hivyo mtoto wa Manyatta anafunzwa vita na Wachina, kwa jina la Wamarekani, kwa bando za Kenya. Sawa. Na nyinyi wa Nakuru tangu mpewe jiji Desemba 2021 mmekuwa washauri wa kila mtu.

Mzee wa Saiba: Kijana, kama una wivu na jiji sema tu wazi. Sisi angalau hatunuki samaki.

Pingi 200: Samaki huyo huyo mnayemfuata mpaka ufuo wa Dunga, Kisumu, na kamera?

Boda wa Mamboleo: Wacheni samaki. Nataka kuuliza hawa wa huduma ya kwanza: kukitokea ajali, nani hufika wa kwanza? Si nesi, si mcheza gemu. Ni sisi. Mwezi uliopita abiria wa mwenzangu aliburutwa na lori, mguu ukapasuka chini ya goti. Watu wametoa simu, wanarekodi. Nikatoa ule mpira wangu wa kufungia mizigo, nikamfunga juu ya goti, tukambeba katikati ya pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma. Alifika hai.

Sista wa Lurambi: Kaka, asante kwa moyo wako, kweli. Lakini ulijaribu kwanza kukandamiza jeraha?

Boda wa Mamboleo: Kukandamiza na nini? Nilikuwa na mpira.

Sista wa Lurambi: Na leso, na shati, na kiganja. Unakandamiza kwa nguvu, huachii kila dakika kuchungulia. Damu ya mguu ikikataa kabisa kusimama ndipo unafunga juu ya jeraha, na saa uliyofunga unaiandika, hata kwenye paji la uso wake. Wanatuletea watu wamefungwa kamba ya katani tangu asubuhi, hakuna anayejua ni saa ngapi.

Boda wa Mamboleo: Sista, mtu analia "nakufa", wewe unanituma nitafute kalamu?

Mzee wa Saiba: Kwa ile gemu mambo haya yote yalikuwa kwa mtihani.

Sista wa Lurambi: Mzee!

Kidole Moto: Kwa COD unajidunga dawa, sekunde chache umepona. Natania, msinirukie.

Mwalimu wa Bungoma: Hakuna aliyenijibu kuhusu kamari.

Pingi 200: Mwalimu, skini.

Kidole Moto: Lakini tuseme ukweli, kijana anayejua kushika kona na kusikiliza nyayo atafaa KDF, jeshi letu. Huyo mtoto wa mama aachwe, anajiandaa.

Mzee wa Saiba: Ajiandae na nini? Siku ya usajili unavuliwa shati uwanjani, unakaguliwa meno na nyayo, unakimbizwa mpaka utapike. Mimi niko karibu na chuo cha jeshi cha Lanet, makadeti nawaona alfajiri. Sijaona hata mmoja akikimbia kwa vidole gumba.

Boda wa Mamboleo: Ndugu yangu alirudishwa kwa sababu ya pengo moja. Jino la mbele. Mpira wa shule ya msingi.

Sista wa Lurambi: Na Mzee bado hajaniomba msamaha.

Mzee wa Saiba: Robo. Nimeshuka mpaka robo ya manesi.

Mama Wawili: Jamani, nimesoma yote, na sasa najua kufunga mguu uliopasuka. Asanteni. Nilikuwa nimeuliza kuhusu kibanda. Basi leo saa tisa nilienda mwenyewe, fimbo mkononi. Watoto kama kumi na tano, giza, joto la jasho na chaja za simu, kila mmoja ameinama. Wangu sikumwona kati yao. Nikasikia sauti yake upande wa mlangoni. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, hachezi chochote. Anapokea shilingi kumi kumi na kuandika majina na saa kwenye daftari lake la Hisabati. Mwenye kibanda anasema huyo kijana ni mfanyakazi wake tangu muhula ufunguliwe.

Sista wa Lurambi: Umeona, boda? Yeye saa anaziandika.

Kidole Moto: Mama, anamlipa ngapi kwa siku?