Mets walimwachia Daniel Murphy aende kwa wapinzani wa divisheni moja, akawachapa msimu mzima. Nani aliwajibika?

Wakuu, naomba niseme hili bila kulilainisha, maana kila tukigusa usajili wa New York Mets, timu ya beisiboli ya Marekani, wanajitokeza watu wa kutuambia viongozi walikuwa na mpango. Mpango gani? Hebu turudi kwa Daniel Murphy.

Oktoba 2015 huyu bwana ndiye aliyewafikisha Mets fainali. Alipiga homurani, yaani mpira unapaa mpaka unavuka uzio, katika mechi sita mfululizo za mtoano. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Na hakuwa anawaonea warushaji wanyonge, yaani wale wanaomtupia mpigaji mpira: Clayton Kershaw, Zack Greinke, Jon Lester, Jake Arrieta, wote aliwapiga. Kwenye hatua ya mwisho kabla ya fainali Chicago Cubs wakatolewa mechi nne bila kushinda hata moja, na Murphy akatangazwa mchezaji bora wa hatua ile. Huku kwetu Dar mechi za usiku za New York zinaanza saa nane usiku, na watu tulikuwa tunakesha kwa ajili yake.

Halafu nini? Wakampa ofa ya mwaka mmoja, dola milioni 15.8, ile ambayo mchezaji akiikataa na kuondoka klabu inapata fidia ya nafasi kwenye uchaguzi wa vijana. Akaikataa. Alikuwa na miaka 30, amekaa klabuni tangu 2008, anataka mkataba wa miaka kadhaa, kosa lake liko wapi? Wao wakamkimbilia Ben Zobrist, ambaye kwa umri anamzidi Murphy karibu miaka minne. Zobrist akachagua Cubs. Ndipo wakamtoa Jonathon Niese kwa Pittsburgh wampate Neil Walker acheze beisi ya pili, nafasi ya Murphy.

Murphy akaenda Washington Nationals. Miaka mitatu, dola milioni 37.5, sawa na milioni 12.5 kwa mwaka. Hapa ndipo damu inaponichemka, jamani. Washington! Timu ya divisheni yao wenyewe, yaani kundi lao ndani ya ligi, ambayo kwa ratiba ya wakati ule walikutana nayo mara 19 kwa msimu. Angekwenda upande wa pili wa nchi wangemwona mara chache wakasahau.

Msimu wa 2016 Murphy alicheza mechi zote 19 dhidi ya Mets na katika kila moja alipata angalau pigo moja safi. Wastani wake dhidi yao, yaani mapigo safi ukigawa kwa zamu za kupiga, ulikuwa .413, homurani 7, mikimbio 21 (pointi za timu) aliyoiingiza. Kwa wageni wa mchezo huu: anayefika .300 tayari anahesabiwa mpigaji hodari. Msimu mzima alimaliza na .347, akaukosa ubingwa wa wapigaji wa ligi kwa tofauti ya .001 tu nyuma ya DJ LeMahieu, na kwenye kura za mchezaji bora wa ligi akawa wa pili nyuma ya Kris Bryant.

Msiniambie ilikuwa bahati. Mwaka 2015 kocha wa upigaji wa Mets wenyewe, Kevin Long, ndiye aliyembadilisha: asimame karibu zaidi na sahani, yaani kibao cha chini ambacho mpigaji husimama kando yake, ashushe mguu wa mbele mapema, auvute mpira na kuuinua badala ya kuusukumia tu uwanjani. Matunda waliyaona kwa macho yao Oktoba. Hata hivyo walipokaa mezani wakampima kwa yale ya miaka ya nyuma, kana kwamba mtu wa miaka 30 hawezi kujifunza kitu kipya. Tena alikuwa amesimama nyuma ya warushaji wao, Matt Harvey, Jacob deGrom, Noah Syndergaard, akiangalia kila mpira wanaoutupa. Umempa adui panga ulilolinoa mwenyewe.

Najua mtaleta habari ya udakaji. Ndiyo, mikono yake haikuwa mizuri, na ule mpira uliompita kwenye mechi ya nne ya fainali dhidi ya Kansas City Royals ulituumiza sana. Nakubali. Lakini bila fimbo yake ile fainali yenyewe wangeisikia redioni.

Na haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2013 walimwacha Justin Turner bila mkataba. Los Angeles Dodgers wakamchukua kwa mkataba wa ligi ndogo, na 2014 akapiga .340. Mtoano wa 2015 akarudi kukutana na Mets, akawapiga .526 katika mechi tano. Walinusurika kwa sababu Murphy alikuwa bado wao! Miezi miwili baadaye wakamwacha naye.

Nationals walimaliza 2016 na ushindi 95, Mets 87. Kati yao wawili, Washington walishinda mechi 12 na Mets 7. Mets wakaangukia ile mechi moja ya kufa na kupona, wakafungwa 3-0 na San Francisco Giants nyumbani kwao Citi Field.

Walker alipiga homurani 23 mwaka ule kabla ya mgongo kumpeleka kwenye upasuaji, simlaumu hata kidogo. Ila mwisho wa msimu Mets wakampa dola milioni 17.2 za mwaka mmoja. Anayewatetea aje hapa anieleze: pesa hizo zilipatikanaje 2016, ilhali mwaka mmoja nyuma milioni 12.5 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kwa Murphy zilikuwa nyingi mno?