Kiti cha kocha Manchester United: tupeane visa vya makabidhiano yaliyoharibika

Mzee wa Daftari
Wakuu, kila kocha wa United akitimuliwa tunabishana mfumo na usajili. Makabidhiano yenyewe tunayaruka: nani alibaki ofisini, nani aliondoka na watu wake, wachezaji waliendelea kumsikiliza nani. Naamini hapo ndipo kibarua kinapoanza kuota nyasi, hata kabla ya mechi ya kwanza. Leteni visa, vyenye majina na tarehe. Naanza na 1969.

Wilf McGuinness alikabidhiwa timu akiwa na miaka 31. Mwaka mmoja kabla, Matt Busby alikuwa ametwaa Kombe la Ulaya kwa kuipiga Benfica 4-1 Wembley. Busby hakutoka klabuni, alipanda akawa meneja mkuu, na McGuinness akapewa cheo cha kocha mkuu. Sasa tazama tarehe za kuzaliwa. Bobby Charlton alizaliwa 11 Oktoba 1937, McGuinness 25 Oktoba 1937. Yaani mchezaji alimzidi kocha wake wiki mbili, na wote wawili walilelewa timu ya vijana ya Busby. Msimu ulipoanza vibaya McGuinness akamweka nje Charlton, na Denis Law pia. Uamuzi wa kocha ni huo, lakini mlango wa Busby ulikuwa palepale kwenye korido na kila mchezaji aliujua. Akafika nusu fainali tatu: Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Kombe la FA dhidi ya Leeds, halafu Kombe la Ligi tena dhidi ya Aston Villa waliokuwa daraja la tatu. Zote akatolewa. Desemba 1970 akaondolewa, Busby akarudi benchi mpaka msimu ukaisha.

Bint Mzizima
Nusu fainali tatu ndani ya takriban mwaka mmoja, halafu unaondoka mikono mitupu. Inauma.

Kapteni wa Tandika
Mzee umenigusa, maana aliyefuata aliumizwa na jambo lilelile. Frank O'Farrell alitoka Leicester Juni 1971. Alipofika akakuta Busby bado yumo kwenye ofisi ya meneja, na yeye ametengenezewa chumba kingine. Ikabidi aidai ofisi yake. Siku ya kwanza kazini unagombea meza!

Na timu ilianza vizuri ajabu. Kufikia Krismasi 1971 United wanaongoza ligi. Mwaka mpya ukaingia wakapoteza mechi saba za ligi mfululizo, wakamaliza wa nane. Alimsajili Martin Buchan kutoka Aberdeen, beki aliyekuja kuwa nahodha, kwa hiyo jicho la mchezaji alikuwa nalo. Lakini kikosi cha 1968 kilikuwa kimezeeka, George Best alikuwa anatoroka mazoezini, na kocha hakuwa na nguvu ya kumwadhibu mtu ambaye wakubwa wa klabu walikuwa wakimbembeleza. 16 Desemba 1972 wakafungwa 5-0 na Crystal Palace. Siku tatu baadaye O'Farrell nje, pamoja na msaidizi wake.

Likoni Red
Halafu akaja Tommy Docherty, na Denis Law akaishusha timu yake ya zamani kwa kisigino. Hicho ndicho kisa kikubwa kuliko vyote.

Mzee wa Daftari
Likoni, hapo naomba nikurekebishe. Bao la kisigino la 27 Aprili 1974 ni la kweli, Law alikuwa City baada ya Docherty kumwachia aondoke bure 1973. Lakini siku hiyohiyo Birmingham, waliokuwa wakipigania kubaki daraja hilohilo, walishinda mechi yao. Hata United wangeshinda, wangeshuka tu. Kilichowashusha ni ukame wa mabao wa msimu mzima. Ilifika Krismasi kipa Alex Stepney akiwa miongoni mwa vinara wa mabao wa timu, kwa penalti zake mbili. Timu ambayo kipa wake anaongoza kwa mabao haishushwi na kisigino cha mtu mmoja.

Likoni Red
Nimekubali hesabu. Ila Docherty hakufukuzwa kwa kushuka daraja, hilo nalo tuliseme. Aliipandisha 1975, akachukua Kombe la FA 1977 mbele ya Liverpool 2-1, na siku 44 baadaye akafukuzwa kwa uhusiano na mke wa mtaalamu wa viungo wa klabu. Huwezi kuwa na benchi la ufundi lenye jeraha la namna hiyo.

MwanaTakwimu
Tuje 2013, maana kosa la 1969 lilirudiwa kwa sura nyingine. Safari hii aliyeondoka aliondoka na kila kitu.

Alex Ferguson alitangaza kustaafu 8 Mei 2013. Kesho yake David Moyes akatangazwa, mkataba wa miaka sita. Kiangazi hichohicho David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa akifunga mikataba ya usajili, naye akaondoka, akaingia Ed Woodward ambaye hakuwahi kusimamia dirisha la usajili. Kwa hiyo anayechagua mchezaji ni mgeni, na anayemnunua ni mgeni. Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ni benchi. Moyes alileta watu wake wa Everton: Steve Round, Jimmy Lumsden, na Chris Woods kwa makipa. Mike Phelan, René Meulensteen na Eric Steele wakaondoka. Meulensteen ndiye aliyekuwa akiendesha mazoezi ya kila siku. Steele ndiye aliyekaa na kipa David de Gea tangu alipofika kijana mwembamba anayesukumwa kwenye kona. Ukiwatoa hao watatu kwa mpigo, hakuna aliyebaki wa kumwambia kocha mpya Jumatatu kunafanyika nini na kwa nini.

La tatu, usajili. Woodward aliiacha ziara ya Australia Julai akarudi Uingereza kwa shughuli ya usajili, na hakuna jina kubwa lililopatikana. Marouane Fellaini alikuwa na kifungu cha kuvunja mkataba kilichoisha muda wake Julai. United wakasubiri hadi siku ya mwisho, 2 Septemba, wakalipa pauni milioni 27.5, zaidi ya bei ya kile kifungu. Mchezaji yule Moyes alikuwa amemfundisha mwenyewe, hakuhitaji kumchunguza hata siku moja.

Uwanjani mnajua. West Brom walishinda Old Trafford, uwanja wa United, Newcastle walishinda pale kwa mara ya kwanza tangu 1972, Everton kwa mara ya kwanza tangu 1992. Februari 2014 dhidi ya Fulham waliokuwa mkiani zilipigwa krosi zaidi ya 80, matokeo 2-2. Krosi nyingi hivyo ni dalili kwamba katikati hakuna anayepokea mpira akageuka nao, basi kila shambulizi linasukumwa pembeni na beki mrefu anaondoa kwa kichwa. Aprili 20 wakafungwa 2-0 na Everton uwanjani Goodison, 22 akafukuzwa. Bingwa wa pointi 89 alimaliza wa saba na pointi 64.

Nyota ya Kisumu
Mkuu, umemlaumu kila mtu isipokuwa Ferguson. Rio Ferdinand miaka 34, Evra 32, Giggs 39, Scholes amestaafu tena. Aliacha nyumba yenye paa bovu.

MwanaTakwimu
Paa hilohilo lilichukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 11 mwezi Mei. Wachezaji hawazeeki pointi 25 ndani ya kiangazi kimoja.

Nyota ya Kisumu
Wanazeeka, ila palikuwa na mtu aliyejua wa kumpumzisha lini. Unathibitisha hoja yangu.

Kapteni wa Tandika
Mnasema jambo moja na mnagombana. Ujuzi wa kupumzisha wazee ulikuwa kwa Ferguson na benchi lake. Benchi likaondoka.

Mama Sharifa
Mnaongelea makabidhiano ya ofisi na mikataba. Yapo yaliyofanyika hospitalini.

5 Februari 1958 United walitoka sare 3-3 na Red Star Belgrade wakaingia nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Jimmy Murphy, msaidizi wa Busby, hakusafiri, kwa sababu alikuwa pia kocha wa Wales na siku hiyohiyo Wales walicheza na Israeli mjini Cardiff kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Wakashinda 2-0. Kesho yake ndege ya timu ilitua Munich kujaza mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikaacha. Mara ya tatu theluji iliyoyeyuka kwenye njia ilipunguza mwendo, ndege haikunyanyuka, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Watu 23 walikufa, wanane kati yao wachezaji. Alikufa katibu Walter Crickmer, ambaye mwenyewe aliwahi kushika timu kabla ya Busby. Walikufa Tom Curry na Bert Whalley wa benchi la ufundi. Busby alisomewa sala za mwisho mara mbili.

Murphy akabaki peke yake. Hana katibu, hana kocha wa mazoezi. Aliwachukua vijana akawapeleka Blackpool, mbali na mazishi na waandishi. Akamnunua Ernie Taylor kutoka Blackpool, kiungo mfupi mwenye uzoefu wa kutuliza mpira. Akamtaka Stan Crowther wa Aston Villa, ila Crowther alikuwa ameshachezea Villa Kombe la FA msimu huo, na kanuni ilikataza. Chama cha soka kikatoa ruhusa maalumu, na karatasi zikasainiwa kama saa moja tu kabla ya mechi. 19 Februari dhidi ya Sheffield Wednesday kijitabu cha mechi kilichapishwa na nafasi 11 tupu upande wa United, kwa sababu hakuna aliyejua nani atacheza. Harry Gregg na Bill Foulkes, waliotoka kwenye mabaki ya ndege siku 13 kabla, walicheza. Shay Brennan, kijana wa timu ya akiba, akafunga mawili. 3-0. Siku mbili baadaye Duncan Edwards akafariki Munich.

Waliwatoa West Brom kwa marudiano, Fulham kwa marudiano 5-3, wakafika fainali 3 Mei wakafungwa 2-0 na Bolton, Busby akitazama na fimbo yake. Kwenye ligi walishinda mechi moja tu kati ya 14 zilizobaki. Watu huhesabu hiyo kama kushindwa. Kwangu mimi hayo ndiyo makabidhiano bora kuliko yote ya klabu hii: Murphy alishika kiti, akakitunza, akamrudishia mwenyewe.

Bint Mzizima
Nafasi 11 tupu. Mama Sharifa, Mungu akuweke.

Likoni Red
Na kiangazi hicho Murphy akaipeleka Wales robo fainali ya Kombe la Dunia, ikatolewa 1-0 na Brazil, bao la Pelé.

Nyota ya Kisumu
Basi jibu liko wazi: kocha wa muda kutoka ndani ndiye dawa. Solskjaer 2018 alishinda mechi nane za kwanza. Carrick 2021 mechi tatu hakupoteza hata moja. Van Nistelrooy 2024 mechi nne, ushindi mara tatu na sare moja. Mpeni mtu wa nyumbani.

MwanaTakwimu
Mpeni kwa muda, msimpe mkataba kwa furaha. Solskjaer aliwatoa PSG kwenye Ligi ya Mabingwa 6 Machi 2019, akapewa kazi ya kudumu 28 Machi. Mechi kumi zilizobaki alishinda mbili. Kocha wa muda anapunguza hofu, wachezaji waliowekwa nje wanapata mechi, mbio zinaongezeka. Hilo linadumu wiki chache, kisha wapinzani wanakusoma. Angesubiriwa hadi Mei.

Mzee wa Daftari
Mimi nasema tofauti na nyote wawili: asiyebadilishwa ndiye aliyefaulu. Ferguson alianza Novemba 1986 kwa kufungwa 2-0 na Oxford. Septemba 1989 City wakampiga 5-1. Kombe la kwanza lilikuja Mei 1990, miaka mitatu na nusu. Fainali ya kwanza 3-3 na Palace, kwenye marudiano akamtoa kipa Jim Leighton, aliyekuwa naye tangu Aberdeen, akamweka Les Sealey aliyekuwa kwa mkopo. 1-0. Uamuzi huo haufanywi na mtu anayeogopa kufukuzwa Jumatatu.

Kapteni wa Tandika
Uvumilivu nao una mipaka, Mzee. Herbert Bamlett aliachwa tangu 1927. Msimu wa 1930–31 timu ikafungwa mechi 12 za kwanza za ligi, ikaruhusu mabao 115, ikashuka daraja. Na kabla ya ukocha alikuwa refa! Ndiye aliyevunja mechi ya robo fainali ya Kombe la FA 1909 kwa theluji, United wakiwa nyuma 1-0 kwa Burnley. Mechi ikarudiwa, United wakashinda, wakaenda kuchukua kombe.

Bint Mzizima
Hili la Bamlett sikulitegemea kabisa.

MwanaTakwimu
Ongezeni la karibuni. Julai 2024 Erik ten Hag akaongezewa mkataba, kiangazi hicho wakanunuliwa De Ligt, Mazraoui, Yoro, Zirkzee na Ugarte. 28 Oktoba akafukuzwa. Novemba akaja Ruben Amorim na mfumo wa mabeki watatu na mabeki wa pembeni wanaopanda, akarithi kikosi kilichojengwa kwa mabeki wanne na mawinga. Msimu ukaisha nafasi ya 15, pointi 42. Kama uamuzi ungefanyika Mei, pesa ileile ingenunua mabeki wa pembeni.

Likoni Red
Lakini Mei hiyo Ten Hag alikuwa ametoka kuchukua Kombe la FA mbele ya City, 2-1. Unamfukuzaje?

MwanaTakwimu
Van Gaal alichukua kombe hilohilo 21 Mei 2016, akafukuzwa siku mbili baadaye, na Mourinho akatangazwa wiki ileile. Alipata kiangazi chote, na msimu wake wa kwanza ukaleta Kombe la Ligi na Ligi ya Europa.

Mama Sharifa
Ila Van Gaal habari zilivuja usiku uleule wa fainali, kombe bado liko mikononi mwake. Hata kama uamuzi ni sahihi, mwacheni mtu alale na kombe lake usiku mmoja.