Naenda Savai'i kwa wakwe: nianzie wapi na Kisamoa?

Dada_Subira:
Hamjambo humu. Mume wangu ni Msamoa, tunaishi Auckland, na Oktoba hii tunakwenda kwao, kisiwani Savai'i, na binti yetu wa miaka sita. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuonana na ukoo mzima. Kisamoa nimejifunza kitabuni, lakini mume akipigiwa simu na ndugu zake siambulii kitu: kitabu kina t, wao wanatamka k. Halafu baba mkwe ni *matai*, yaani mkuu wa ukoo mwenye cheo, sijui nimwiteje. Na hizo Samoa mbili ni nchi moja au vipi? Nikimuuliza mume ananiambia "utazoea tu". Jibu gani hilo?

MwalimuWaUpolu:
Karibu sana, dada. Mimi nimefundisha hesabu huku Upolu, kisiwa jirani na Savai'i, na nimeoa huku huku, kwa hiyo hiyo "utazoea tu" naijua vizuri.

La Samoa mbili tulimalize haraka. Samoa yenye mji mkuu Apia ni nchi huru tangu 1 Januari 1962, na hadi 1997 iliitwa Samoa Magharibi. Upande wa Tutuila na Pago Pago uko chini ya Marekani tangu 1900. Lugha moja, koo zile zile, serikali mbali mbali. Na tarehe mbali mbali pia: huku kwetu Ijumaa ya 30 Desemba 2011 haikuwepo, tulilala Alhamisi tukaamka Jumamosi. Ukipanda ndege leo asubuhi kwenda Pago Pago unashuka jana.

Sasa hiyo k. Wasamoa wana usemi wa aina mbili. Wa t ni wa kanisani, shuleni, redioni na wa kuongea na wageni. Wa k ni wa nyumbani na sokoni, na humo n nayo hugeuka ng'. Kwa hiyo *teine*, msichana, utasikia "keing'e". Wenyewe huuita usemi wa k *tautala leaga*, yaani usemi mbaya, lakini usidanganyike na jina: wasemaji wakubwa wakihutubu kwenye baraza la kijiji, *fono*, nao hutumia k. Wewe zungumza kwa t, usikilize kwa k. Mgeni akianza kuongea kwa k mapema, wazee hunyamaza kidogo.

Matamshi yasikutishe, umebahatika kuliko Mwingereza. Herufi g husomwa ng' kama ya ng'ombe, kwa hiyo ni Pang'o Pang'o. Irabu tano tunazijua. Kazi iko kwenye urefu: *tama* ni mvulana, *tamā* ni baba, na magazetini kile kialama cha juu mara nyingi hakiandikwi.

Kuhusu mkwe, kabla ya kufunga mizigo muulize mume swali moja tu: baba ni *ali'i* au ni *tulafale*? Ali'i ni mtukufu mwenye enzi, tulafale ni msemaji. Wote ni matai, ila maneno ya heshima hayafanani. Kumkaribisha ali'i ni *afio mai*, tulafale ni *maliu mai*. Nyumba ya ali'i ni *maota*, ya tulafale ni *laoa*. Ukichanganya watakusamehe, wewe mgeni, lakini ukipatia utaona macho yakifunguka. Na mwite kwa jina la cheo chake, si lile alilopewa alipozaliwa.

Kipepeo77:
Samahani kuingilia. Nasikia mwanamume asiyechorwa tatoo ya kiuno hadi magoti hapewi cheo?

MwalimuWaUpolu:
Hapana. Hiyo ni *pe'a*, na ya wanawake ni *malu*, huchorwa mapajani. Wapo matai wengi wasiokuwa nayo. Aliyechorwa hutarajiwa ahudumu wazee, na ndiyo maana aibu ni kuiacha njiani: *pe'a mutu*, pe'a iliyokatika, utabaki nayo mwilini maisha yako yote. Cheo huamuliwa na ukoo, na wanachokiangalia sana ni utumishi. Msemo wao ni *O le ala i le pule o le tautua*, njia ya kufikia mamlaka ni kutumika.

Dada_Subira:
Nimemuuliza, baba ni tulafale. Ahsante! Sasa niambieni mawifi. Wako wanne.

Lavalava_Nyekundu:
Hapo nijibu mimi, nimeolewa huku. Dada yangu, mawifi ndio wenye nyumba. Kati ya kaka na dada kuna agano, *feagaiga*, na kaka anatakiwa amheshimu dada yake kuliko anavyokuheshimu wewe mkewe. Mke aliyeletwa kwa mume anaitwa *nofotane*, na kazi za jikoni na kuhudumia wageni zinamwangukia yeye. Mimi utaratibu huo siupendi na nimewaambia wazi. Ila kwa ziara ya wiki mbili usiende kupigana. Ingia jikoni siku ya kwanza bila kuitwa, kisha uone watakavyokutoa wenyewe.

Mengine ya haraka: ukipita mbele ya watu waliokaa, inama na useme *tulou*. Usisimame wazee wakiwa wamekaa chini. Kaa, ukunje miguu, nyayo zisimwelekee mtu. Jioni ikilia kengele au kombe la baharini, ni *sa*, saa ya sala, usikatize kijijini mpaka iishe. Na elewaneni mapema na mume kuhusu *fa'alavelave*, michango ya misiba, harusi na vyeo. Watu wa Auckland wakishuka feri pale Salelologa, habari zao zimeshatangulia.

MwalimuWaUpolu:
Naongeza la mtoto. Jumapili ya pili ya Oktoba ni Lotu Tamaiti, sikukuu ya watoto. Siku hiyo wao ndio huandikiwa sahani kwanza na wakubwa huwahudumia. Mshonee binti nguo nyeupe, na mfundishe *tauloto*, aya fupi ya Biblia ya kusema kwa kichwa mbele ya kanisa. Kwa t, tafadhali. Bibi yake akimsikia, hata wewe jikoni utapunguziwa zamu.