Mashine mbili zina mifuatano ileile ya matukio, mbona nimepewa sifuri? Naomba ushauri

Mnoma_wa_Kodi
Wakuu salaam. Mtihani ni wiki ijayo na hili somo la mifumo sambamba (programu au mashine zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) limenikaba. Swali: mashine A, ukitia sarafu, unachagua chai au kahawa. Mashine B, ukitia sarafu, inaamua yenyewe: inawasha kitufe cha chai peke yake au cha kahawa peke yake. Nikajibu zote zinatoa "sarafu, chai" na "sarafu, kahawa", basi ni sawa. Sifuri!

FundiMitambo
Mkuu, umelinganisha risiti, hukulinganisha mashine. Umeshatia sarafu kwenye B, una hamu ya chai, kilichowaka ni kahawa. Ni sawa hiyo? Kwa ajili hiyo wanasayansi wa kompyuta Robin Milner na David Park, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walileta kipimo kikali zaidi: bisimulesheni.

Ichukulie kama mchezo. Mshambuliaji anachagua mashine yoyote na kupiga hatua, mlinzi anajibu kwa hatua ya jina lilelile kwenye mashine ya pili. Akikosa jibu, kafungwa; akiweza kujibu siku zote, mashine ni sawa. Mshambuliaji anatia sarafu B, inaangukia kahawa. Mlinzi anatia sarafu A. Sasa mshambuliaji anarukia A, anabonyeza chai. Mlinzi yuko B, chai hana. Kwisha habari.

Mnoma_wa_Kodi
Aisee. Kwa hiyo nikionyesha mashine C inaweza kuiga D, yaani kujibu kila hatua ya D, na D ikaiga C, nimemaliza?

Mama_Mantiki
Hapana mwanangu, hapo wengi huteleza. C: sarafu, kisha chai. D ni hivyohivyo, ila pengine ikimeza sarafu inazima. Kila moja inaiga mwenzake, lakini mshambuliaji akitia sarafu D ikazima, mlinzi akajibu kwa sarafu C, kisha mshambuliaji akarukia C na kubonyeza chai, mlinzi hana la kufanya. Ukali wote uko kwenye ruhusa ya kubadili mashine katikati ya mchezo.

Na usiishie kusema "si sawa". Toa ushahidi kwa mantiki ya Hennessy na Milner, yaani sentensi zinazosema nini kinawezekana baada ya kila hatua: "kila sarafu inapotiwa, vyovyote itakavyokwenda, chai inawezekana." Ni kweli kwa A, uongo kwa B. Mashine zikiwa na idadi yenye kikomo ya matokeo kwa kila tendo, zinalingana pale tu ambapo hakuna sentensi ya namna hiyo ya kuzitenganisha. Akishinda mlinzi, ushahidi wako ni orodha ya jozi za hali, moja ya kila mashine, anazozishikilia mchezoni.

Mnoma_wa_Kodi
Shukrani mama. Na zile hatua za ndani zisizoonekana?

FundiMitambo
Zimo kwenye mtihani? Basi fungua uzi mwingine, na uandae kahawa.