Naomba ushauri: rangi ya timu kwenye roboti

Hamjambo wanakikundi. Nasaidia klabu ya roboti ya shule moja huku Eastlands. Mashindano tunayojiandalia yana miungano miwili (makundi ya timu zinazocheza pamoja), mwekundu na wa bluu, na rangi ya timu hubadilika mechi hadi mechi. Kwa hivyo hatuwezi kupaka roboti rangi moja tukamaliza.

Kwanza tulijaribu vibandiko vya rangi, vikabanduka roboti zilipogongana. Tukanunua ukanda wa taa za LED pale Luthuli Avenue. Unapendeza, na wanafunzi bado wanautetea, lakini ukumbi ukiwa na mwanga mkali huwezi kujua ni rangi gani. Sasa fundi wa Gikomba ametushonea vifuniko vya kitambaa vya kugeuza, upande mmoja mwekundu, wa pili bluu, vinavyoshikwa na velkro. Hivi angalau refa anaviona akiwa mbali. Shida ni kwamba wekundu wake umekaribia maruni, na kwenye pembe kitambaa kinalegea hadi karibu na magurudumu.

Naomba mnisaidie: ni kitambaa gani kigumu, chenye rangi kali, ninachoweza kupata hapa Nairobi? Na namba ya timu mnaiweka wapi isomeke kila upande bila kuziba vihisi (sensa) vya roboti?

Asanteni.